Kicheko Ugenini

Machozi yana bahati kuliko kicheko. Mama aliyefiwa akilia juu ya jukwaa, mtazamaji asiyejua neno moja la lugha yake humwelewa akahuzunika pamoja naye. Mchekeshaji hana bahati hiyo. Hadithi iliyowavunja mbavu watu wa mji wake huweza kuanguka mbele ya wageni kama jiwe majini, naye akabaki na fedheha yake mbele ya macho ya watu. Kwa sababu hiyo wengi wamedhani kuwa kicheko ni mali isiyosafirishwa. Kwamba kila taifa lina chake, na kikivuka bahari huoza njiani. Walakini wako watu wanaokisafirisha, na miongoni mwao Wajapani wameifanya kazi hiyo kwa bidii isiyo haba. Swali la insha hii ni hili: mtu achukuaye futuhi ya watu wake akaipeleka kwa wageni ana deni gani kwa wale aliowaacha nyumbani, na ana deni gani kwa wale walioketi mbele yake? Wala si swali la waigizaji peke yao. Ni swali la kila mfasiri, na sisi tusomao na kufundisha Kiswahili tumo katika biashara hiyo kila siku, ya kuletewa na ya kupeleka.

Mahali pazuri pa kulitazama ni Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Mwaka 1947, miaka miwili baada ya vita kuu kwisha, tamasha la sanaa la mataifa lilianzishwa katika mji huo. Vikundi vinane visivyoalikwa vilikwenda vilevile, vikaonyesha michezo yao kandokando ya tamasha lenyewe. Kando ile imekua hata ikawa kubwa kuliko kitovu. Kila mwezi wa Agosti vyumba vya shule, makanisa na mabaa hugeuzwa kumbi, na wachezaji huja kutoka pembe zote za dunia. Hakuna baraza linalochagua nani aonyeshe na nani akae. Mwenye kupata ukumbi na kumudu gharama zake huonyesha. Uhuru huu una uzuri, lakini una na ukali wake. Kwa kuwa hakuna aliyemchagua mwigizaji, mtazamaji ndiye hakimu wake wa pekee, na mtazamaji yuko njiani, mikono imejaa karatasi za matangazo, aweza kuingia mlango wowote. Mchekeshaji aliyetoka Osaka kwa nauli yake mwenyewe ana muda mfupi wa kumfanya Mskoti acheke. Asipocheka leo, kesho viti ni vitupu. Hapo ndipo kishawishi huingia.

Futuhi za Wajapani ni nyingi, na tatu zatosha kutajwa. Kyogen ni mchezo mfupi wa kale uliokua bega kwa bega na tamthilia nzito iitwayo No, na hadi leo huchezwa katikati yake kama pumzi baada ya mzigo. Manzai ni mazungumzo ya watu wawili, mmoja akinena upumbavu na mwenziwe akimrudi kwa maneno, pengine na kwa kofi jepesi. Rakugo ni kazi ya mtu mmoja. Msimulizi hupiga magoti juu ya mto, mbele ya watu, ana upepeo na kitambaa basi. Upepeo huwa kijiti cha kulia tambi, huwa kalamu, huwa upanga. Kitambaa huwa barua au mfuko wa fedha. Akigeuza uso upande huu ni mtu mmoja, akigeuza upande ule ni mtu mwingine, na hainuki hapo mpaka hadithi imeishia katika neno la mwisho liangushalo kicheko. Sijui sanaa nyingine itegemeayo ulimi zaidi ya hii, na kwa hiyo hakuna inayohatarika zaidi inapobadilishwa ulimi.

Natoa mfano. Katika hadithi mashuhuri za rakugo imo moja iitwayo Toki Soba. Mtu mjanja anakula tambi usiku kwa mchuuzi wa njiani katika mji wa Edo, ambao sasa ndio Tokyo. Bei ni sarafu 16. Anamhesabia mchuuzi kiganjani moja moja, na alipofika nane anauliza kwa ghafula, “Saa ngapi sasa?” Mchuuzi anajibu, “Tisa.” Mjanja anaendelea na kumi, kumi na moja, hadi kumi na sita, akaenda zake na sarafu moja ya wizi. Mpumbavu mmoja aliyekuwa akitazama anaipenda hila ile, na usiku wa pili anakwenda kuijaribu. Kwa pupa yake anafika mapema. Anahesabu hadi nane, anauliza saa, mchuuzi anajibu, “Nne,” naye anaendelea pale pale: tano, sita, saba. Mwisho wa hesabu amelipa sarafu 20.

Msomaji atauliza yawaje saa nne itangulie saa tisa katika usiku mmoja. Katika Edo ya zamani saa zilihesabiwa kwa kushuka. Jua lilipokuchwa ilikuwa sita, halafu tano, halafu nne, na usiku wa manane ikawa tisa. Mjapani wa leo mwenyewe hatumii hesabu hiyo, lakini ameirithi pamoja na hadithi. Mskoti hakuirithi. Msimulizi afanyeje? Aweza kuibadili saa. Kwa Kiingereza usiku wa manane ni kumi na mbili: basi mjanja ahesabu hadi kumi na moja ndipo aulize, na mpumbavu aje saa mbili kabla, ajibiwe kumi. Hila inasimama. Kwa Kiswahili ingesimama vilevile: mjanja aulize baada ya tano, ajibiwe sita, na mpumbavu aje saa nne ya usiku. Tena ajabu ni kwamba saa nne yetu yakaribiana na nne ile ya Edo, kana kwamba mchuuzi wa tambi alikuwa Mswahili. Lakini hesabu ikaguliwe. Katika asili mpumbavu amepoteza sarafu nne. Katika Kiingereza amelipa 17, na katika Kiswahili 17. Tafsiri imempunguzia hasara yake ikawa sarafu moja.

Wako wasemao kuwa huo ni udanganyifu. Husema: saa ile ya kigeni ndiyo hasa iliyostahili kusafirishwa. Ukiondoa kila kilicho kigeni ili mgeni asikwazwe, umempa kioo ajitazame, na kioo anacho kwake. Ya nini basi kutoka Osaka? Hoja hii ina uzito, na wanaoidharau aghalabu ni wale wanaotaka kufanya kazi upesi. Hata hivyo naiona imekosa shabaha. Kinachochekwa katika Toki Soba si saa. Anachekwa mtu aliyeiga tendo asiige akili iliyolitenda, na mtu huyo yupo Edo, yupo Edinburgh, na yupo katika kila chumba cha mtihani nilichopata kusimamia. Maadamu yeye ndiye aliyebaki katikati ya hadithi, saa yaweza kugeuzwa. Na asiyetaka kuigeuza ana njia nyingine ndani ya sanaa yenyewe: kila rakugo hutanguliwa na maneno ya utangulizi yaitwayo makura, maana yake mto wa kulalia, ambamo msimulizi huzungumza na watu na kuwatayarisha. Humo anaweza kuwafundisha wageni saa za Edo kwa dakika mbili, tena kwa mzaha, wakazijua kabla ya kuzihitaji. Hili ni jambo la busara ya fundi, si la uaminifu na uhaini.

Uhaini uko kwingine. Maneno yanaweza kubadilika na hadithi ikabaki na heshima yake. Kisichoweza kubadilika bila dhambi ni yule anayechekwa. Hadithi ambayo kwao ilimcheka mpumbavu, au bwana mchoyo, au mlevi, ikifika ugenini ikamcheka Mjapani kwa kuwa ni Mjapani, imeuzwa. Na aliyeiuza hakuuza chake peke yake.

Historia inaonyesha jinsi soko hilo lilivyo la zamani. Mwaka 1885 Waingereza walitunga na kucheza London tamthilia ya muziki iitwayo The Mikado. Mji wake ulikuwa wa Kijapani na mavazi yalikuwa ya Kijapani, lakini wakubwa waliodhihakiwa ndani yake, kwa kweli, walikuwa Waingereza. Yaweza kusemwa kuwa Japani haikutukanwa, iliazimwa nguo tu. Lakini mwaka 1907, mwana wa mfalme Fushimi wa Japani alipozuru Uingereza, serikali iliuzuia mchezo huo kwa muda ili mgeni asiudhike. Kama nguo zile hazikuwa na maana, marufuku ilikuwa ya nini? Watu walijua fika kuwa mtazamaji hacheki maana tu. Hucheka na nguo.

Kwa upande wa Wajapani wenyewe, nautoa mfano usio wa futuhi kwa kuwa unalionyesha jambo hili wazi zaidi. Kikundi cha Kawakami Otojiro na mkewe Sadayakko kilizunguka Marekani na Ulaya kuanzia mwaka 1899. Walipocheza katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, katika ukumbi wa mchezaji ngoma Loie Fuller, mazungumzo yalifupishwa na ngoma zikaongezwa, na harakiri ikawekwa kwa kuwa ndiyo watu waliyoitaka. Baadaye Fuller alimpata mchezaji mwingine, Hanako, ambaye kifo chake jukwaani kilisifiwa hata Rodin akauchonga uso wake tena na tena. Wageni walitaka kumwona Mjapani akifa, wakauziwa kifo. Siwalaumu sana wachezaji wale; walikuwa mbali na kwao, na njaa haina adabu. Lakini kila aliyekuja baada yao alikuta watazamaji wamekwisha kufundishwa la kutarajia, na ilimpasa kulipa deni ambalo hakulikopa.

Katika miaka ya 1980 alitokea mtu aliyelifikiri jambo hili kwa makini kuliko wengi. Katsura Shijaku wa Osaka, aliyezaliwa 1939 na kufariki 1999, alikuwa msimulizi wa rakugo mwenye sifa kubwa nyumbani kabla hajaanza kusimulia kwa Kiingereza na kwenda nje. Alikuwa na nadharia yake ya kicheko: kwamba kicheko ni kulegea kwa kitu kilichokazwa. Wanafalsafa wa Ulaya walikwisha kunena maneno ya karibu na hayo, lakini yeye aliyapata kazini, na kwangu nadharia ya fundi ina ladha zaidi. Kama kicheko ni kulegea, basi hapana budi kitu kikazwe kwanza. Mgeni lazima aingiwe na hofu ya mpumbavu aliyeshika sarafu, aone haya yake, angojee pamoja naye jibu la mchuuzi. Akikazika hivyo, akacheka, amejicheka na yeye. Lakini asipokazwa na chochote, akaonyeshwa tu sura iliyokunjwa na lafudhi iliyovunjika, kicheko chake kimetoka pengine: kimetoka katika raha ya kujiona yu juu. Masikio hayawezi kuvitofautisha vicheko hivi viwili, wala mauzo ya tikiti. Mwigizaji aweza kujidanganya miaka mingi.

Wapo waliokikata kiungo chenye maradhi. Gamarjobat, wachekeshaji wawili wa Kijapani waliopata kupendwa sana Edinburgh katika miaka ya 2000, hawakusema neno jukwaani. Walicheza kwa mwili mtupu. Nawastahi, kwani walishinda bila kumdharau mtu. Lakini kwa mwenye kuipenda lugha ushindi huo una huzuni kidogo, maana kilichovuka bahari ni viungo vya mwili, na ulimi umeachwa nyumbani.

Mfano mgumu zaidi ni wa juzi tu, mwaka 2023, nao haukutokea tamashani bali katika mashindano ya vipaji ya televisheni ya Uingereza. Mchekeshaji ajulikanaye kama Tonikaku Akarui Yasumura, mtu mnene, alikaa mikao iliyomfanya aonekane yu uchi, kisha akawaambia watu kwa Kiingereza wasihofu, amevaa. Akaishia hapo. Katika Kijapani kitenzi cha kuvaa nguo za chini ni kimoja na cha kuvaa za juu ni kingine, kwa hiyo asiyetaja nguo ameeleweka. Kiingereza hakitosheki, kitenzi chake hungoja kuambiwa kilichovaliwa. Waamuzi wakalijaza pengo, wakapaza sauti: “Chupi!” Akarudia, nao wakarudia, hata likawa wimbo wa ukumbi, na yeye akafika fainali. (Kiswahili kingeuharibu mchezo huo mara moja, kwani kwetu aliyesema “nimevaa” amemaliza, hadai nyongeza.)

Je, watu wale walimcheka nani? Mtu mkali atasema walimcheka mgeni asiyejua sarufi. Nimelipima neno hilo, na sikubaliani nalo kwa mfano huu. Katika manzai mmoja hunena upumbavu na mwenziwe humrudi. Yasumura alikuwa peke yake, na ukumbi ukawa mwenziwe. Pengo la sarufi liliwapa kazi, na mtu aliyepewa kazi hakai tena juu akitazama chini. Isitoshe alichekesha kwa hofu ileile aliyoichekesha Japani, hofu ya kuona aibu ya mtu, ikalegea ilipojulikana kuwa hakuna aibu. Lakini nakiri kuwa mpaka ni mwembamba. Atakayekuja baada yake akaivunja sarufi kwa makusudi, kwa kuwa ameona kuvunjika kunalipa, atakuwa amerudi kwenye ukumbi wa Paris wa mwaka 1900, ila badala ya kuuza kifo anauza ulimi.

Njia ya kyogen imekuwa nyingine, nami naiona bora. Futuhi hizo zina mtumishi aitwaye Taro Kaja, ndugu wa mbali wa Abunuwasi wetu. Katika moja, bwana anawaambia watumishi wawili kuwa mtungi fulani umejaa sumu, kumbe ni sukari. Wao wanaila yote, kisha wanaivunja mali ya bwana ya thamani, na aliporudi wanamwambia kwa kilio kuwa baada ya kuharibu vitu vyake waliamua kula sumu wafe, lakini kifo kimekataa kuja. Jina la mchezo huo ni Busu, na Mswahili asipotoshwe nalo; kwao ni sumu. Mtu yeyote aliyepata kuwa chini ya bwana mchoyo hahitaji tafsiri ndefu. Mwaka 2001 Nomura Mansai na wenziwe waliipeleka London, katika ukumbi wa Globe, kazi iliyotwaa hadithi ya Shakespeare ya mapacha wanaochanganywa, ikaigeuza kyogen kwa Kijapani. Hawakuomba radhi kwa kuwa Wajapani, wala hawakujitembeza kama kioja. Kibwagizo cha mchezo, yayakoshiya, maana yake mambo yametatanika, watazamaji walikikamata. Wageni walijikuta wamesogea hatua moja kuielekea lugha, badala ya lugha kutambaa kuwafuata.

Kiswahili nacho kimepita mlango uleule. Mwaka 2012, ukumbi huo ulipokaribisha tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, Kiswahili kilipewa ile ya wanawake wa Windsor, ikaitwa Wanawake wa Heri wa Winsa, na Mrisho Mpoto akawa Falstaff. Futuhi ileile Wajapani waliifanya kyogen mwaka 1991. Katika ukumbi wa London kulikuwa na muhtasari tu wa kila onyesho kwenye vibao. Maneno yenyewe hayakufasiriwa. Kila aliyekijua Kiswahili alicheka mapema, na asiyekijua alicheka baada yake, na ni jambo jema mara mojamoja Mwingereza kungojea nyumbani kwake ili aambiwe Shakespeare amesema nini.

Naweza kuambiwa kuwa hayo yote ni mzigo mkubwa mno kwa mtu mmoja mwenye upepeo. Kwamba kicheko cha mtazamaji ni cha mtazamaji, na mwigizaji hawezi kukiamuru kitoke wapi. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi awajibike kwa kila kicheko. Nasema awajibike kwa kile alichokitafuta. Katika manzai kofi la kichwani ni alama tu, na Mjapani hulisikia kama nukta mwisho wa sentensi. Mbele ya wageni laweza kuonekana ni ukatili, au likachekwa kwa kuwa ni ukatili. Usiku wa kwanza mwigizaji hana lawama. Usiku wa pili amekwisha kujua, na anachokifanya tangu hapo ni chake.

Na watazamaji je? Mfano wao nautafuta Japani, maana mambo yaliwahi kugeuka. Henry Black, aliyezaliwa Adelaide mwaka 1858 na kulelewa Japani, alipanda jukwaa la rakugo kwa jina la Kairakutei Black, akawasimulia watu wa Tokyo kwa Kijapani hadithi alizozitwaa katika riwaya za Ulaya. Bila shaka wengi walilipa ili wamwone mzungu amepiga magoti juu ya mto. Lakini hadithi zake ziliandikwa kwa hati mkato alipokuwa akizisema, zikapigwa chapa, zikauzwa, na walionunua vitabu vile walizisoma majumbani mwao bila kuuona uso wake.